Kidole Gumba Kwenye Boneti

"Kwa nini hapa pamekauka na hapa hapajakauka?"

Aliyeuliza alikuwa daktari wa ng'ombe, mwenye gari. Alikuwa amebonyeza kidole gumba ndani ya kalibu yangu, chombo cha kuundia boneti ya gari lake, na alipokiondoa alama ilibaki pale, mistari yote ya ngozi yake, wazi kama ile unayoacha ukienda kuchukua kitambulisho. Akasogeza mkono shibiri moja upande wa kulia, akabonyeza tena. Hapo palikuwa pagumu kama sahani. Akanitazama, akingoja. Nilikuwa na digrii ya uhandisi wa mitambo, ovaroli iliyokakamaa kwa resini, na daftari lililojaa vipimo. Jibu sikuwa nalo.

Kukosa jibu ni jambo ambalo sijawahi kulizoea. Nikiwa na miaka tisa niliambiwa nikae nje ya shule ya Jumapili kwa kuuliza Nuhu aliwalisha simba nini siku zote zile. Chuoni wahadhiri wawili walikuwa wakitazama dirishani kila nilipoinua mkono. Sikuuliza ili kuwaudhi watu. Niliuliza kwa sababu mambo mengi yanayosemwa kwa sauti ya uhakika hayajawahi kujaribiwa na yeyote, na anayeyajaribu huonekana hana adabu.

Kwa hiyo swali la daktari liliniuma zaidi ya lilivyomuuma yeye. Na kulikuwa na jambo jingine alilokuwa halijui: banda tulilosimama ndani yake halingekuwa langu kwa muda mrefu.

Nyumbani kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mji mdogo wa Kapkatet, upande wa Kericho, chai kuanzia ukingo wa ua mpaka mtoni, na kipande cha mahindi upande wa juu. Banda lilikuwa ghala la mahindi. Baba alinipa mwezi wa nane wa mimi kukaa nyumbani nikituma barua za kuomba kazi, nadhani kwa sababu alichoka kuniona nimekaa karibu na redio nikibishana nayo. Alinipa kwa sharti moja, na alilisema akiwa mlangoni, kofia mkononi.

"Mahindi yakikauka shambani, hii nyumba ni ya mahindi. Kama hiyo boneti yako haijafunga gari la mtu, unaenda Nakuru kwa mjomba wako. Ameweka nafasi ofisini. Hatangoja milele."

"Na kama imefunga?"

"Tutaona kama imefunga," alisema Baba. Kwake hiyo ilikuwa ahadi.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la Kijapani, la zamani, fupi na jekundu, lile la taa zinazoinuka kama macho ya chura. Daktari alikaa Sosiot na siku za kazi aliendesha pikapu, kwa maana gari lile lilikwaruza tumbo kwenye kila tuta la barabara ya mashambani. Jumapili baada ya kanisa ndiyo alilitoa. Shida yake ilikuwa milima. Akipanda kutoka mtoni, sindano ya joto ilipanda naye, na kabla ya kufika juu alikuwa ameegesha kando, boneti wazi, mvuke ukipaa juu ya majani ya chai na wachumaji wakimpa ushauri. Boneti ya chuma ilikuwa nzito, tena mvua ya mawe ilikuwa imeipiga hadi ikawa kama karai lililopondeka. Alitaka mpya ya faiba, nyepesi, yenye matundu ya hewa.

Nilijifunza kazi ya faiba chuoni, tulipokuwa tukitengeneza kigari cha mashindano cha wanafunzi. Nilikuwa mimi pekee niliyebaki kuivua kutoka kwenye kalibu wengine walipokwenda kupiga picha. Nilijua ninaiweza. Bado ninajua hivyo.

Lakini peke yangu nisingeweza, kwa hiyo nilimtafuta fundi. Alikuwa mpiga bodi za magari wa Kapkatet, mtu wa upande wa Kisii, aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai ambako baba yake alikuja kuchuma. Ukoo wao ni wachongaji wa mawe laini, na yeye alikuwa na mikono yao. Kutoka kwao alileta mfuko wa unga wa jiwe hilo, akauchanganya na resini mpaka ukawa kama uji mzito, na huo ukawa filla ya kuzibia mabonde, bora kuliko ya kopo. Uso ulio sawa aliujua kwa kuugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mimi nilitumia rula. Tulikuwa tukifika mahali pamoja, ila yeye alifika kwanza na kuniambia.

"Injinia, bado unapima? Mimi nimeshamaliza kusikia."

Siku daktari alipokuja kusema anachotaka, alikuwa na picha kwenye simu.

"Nataka ile shimo kubwa hapa nyuma, karibu na kioo. Kama zile za mashindano."

"Kwa nini hapo?"

"Ndio hewa iingie."

"Unataka hewa iingie ama moto utoke?"

Akafikiri. "Si ni kitu moja?"

"Daktari, ng'ombe anakula na anakunya. Ni kitu moja?"

Fundi alicheka mpaka akaangusha msasa. Daktari naye akacheka, kwa sababu ng'ombe aliwajua, na kutoka hapo aliniachia nichore ninavyotaka.

Sikuchora kwa kukisia. Nilifumua sweta yangu ya shule ya upili, nikakata uzi vipande vya urefu wa kidole, nikavibandika kwa safu juu ya boneti ya zamani, kisha tukaenda kwenye lami ya kuelekea Sosiot, daktari akiendesha, mimi nikitoa simu dirishani nikipiga video. Nyuzi za karibu na kioo zilizunguka bila kujua ziende wapi, nyingine zikarudi mbele. Hewa ilikuwa ikijirundika hapo. Tundu la nyuma lingeingiza upepo na kuuzuia moto ndani. Lakini nyuzi zilizokuwa kiasi cha mkono mmoja nyuma ya taa zilivutwa juu, zikasimama zikitetemeka. Hapo ndipo hewa ilitaka kutoka yenyewe. Nikachora matundu mawili hapo, yamelala kwa mshazari, na kati yake mgongo mpana wa kuyapa nguvu. Sijawahi kuona sababu ya kubadilisha mchoro huo.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kwa kifupi. Kwanza unatengeneza umbo, yaani boneti jinsi unavyotaka ionekane, kwa kitu chochote kinachokubali kuchongwa. Sisi tulitumia boneti ile ile ya chuma, tukanyoosha mabonde yake kwa filla, kisha tukajenga mgongo na matundu juu yake kwa plasta. Unalipaka umbo nta ya sakafu ili kitu kisishike. Juu yake unapaka resini, gundi nzito ya majimaji, iliyochanganywa na hadna, na hadna ndiyo inayoifanya igande. Unalaza mikeka ya nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, ukiloweka kila moja kwa resini. Ikiganda unaibandua, na hiyo ndiyo kalibu, kama bati la kuokea keki. Ndani ya kalibu ndiko unakolaza boneti yenyewe. Kila kosa la umbo huingia kwenye kalibu, na kila kosa la kalibu huingia kwenye boneti.

Kwa hiyo umbo ndilo tulilolihangaikia. Fundi alichonga plasta wiki nzima. Kabla ya kupiga msasa wa mwisho alikuwa na desturi ya kupulizia uso wote rangi nyeusi nyepesi. Msasa ukipita, palipoinuka panakuwa peupe mara moja, na penye bonde panabaki peusi. Unaona makosa yako kwa macho. Siku ya pili ya msasa kopo la rangi likaisha, na duka liko mbali, na saa nane mvua ingekuja kama kawaida. Nilitazama sufuria ya chai jikoni.

Nilichemsha turungi, majani mengi na maji kidogo, bila sukari, mpaka ikawa nyeusi tititi. Nikaipaka juu ya plasta kwa brashi. Plasta iliinywa ikawa kahawia, na msasa ulipopita, mabonde yalijionyesha vizuri kuliko kwa rangi.

"Kumbe hata plasta ya huku inakunywa chai," alisema fundi. Alizunguka umbo mara mbili. "Hiyo akili umetoa wapi?"

"Shamba," nilisema.

Nilijivunia hila hiyo kuliko matundu. Niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari. Hakuna asiyekuwa na chai huku, nilifikiri, lakini hakuna aliyewahi kufikiria kuifanyia kazi hii.

Tulilaza kalibu ya kwanza asubuhi. Tuligawana: ndoo moja ya resini yangu kwa sehemu tambarare, ndoo nyingine ya fundi kwa mgongo na matundu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyachonga na alijua kila pembe. Kesho yake tukaibandua. Upande wa nje ulikuwa mgumu. Upande wa ndani, ule unaotakiwa kung'aa, ulikuwa mgumu vilevile kwenye sehemu tambarare, lakini kwenye mgongo ulikuwa na mabaka yanayonata kama gundi ya kunasia panya.

Hukumu ilitolewa kabla sijasema neno.

"Ni mvua," alisema Baba. "Huku kitu haikauki. Ungeuliza mtu yeyote."

"Ni baridi," alisema daktari kwa simu. "Hata dawa zangu zingine zinasumbua."

Ni mvua, alisema kila aliyepita uani. Nami niliuliza: mvua gani hiyo inayochagua mgongo na kuacha tambarare? Nilichukua makopo matatu, nikayatia resini na hadna kwa kipimo kimoja. Moja nikaliweka mlangoni ambako manyunyu ya mchana yalifika, jingine kando ya jiko, la tatu chini ya gunia ndani ya banda. Kufikia jioni yote matatu yalikuwa magumu. La mlangoni lilichelewa, lakini liliganda. Basi haikuwa mvua. Nikajaribu plasta, maana plasta huficha maji. Nikamwaga kibao kidogo cha plasta, nikakikausha, nikakipaka nta na resini. Kiliganda vizuri. Basi haikuwa plasta.

Nilikuwa na furaha ya mtu anayefunga milango mmoja baada ya mwingine. Mlango mmoja tu ulikuwa umebaki wazi. Sehemu ngumu ilikuwa ya ndoo yangu. Sehemu inayonata ilikuwa ya ndoo yake.

Nilimwambia fundi bila kupunguza. Nilisema hadna yake haikutosha, au hakukoroga mpaka chini.

Aliendelea kufuta brashi kwa kitambaa. "Mimi nimekoroga hii dawa kabla wewe hujajua kuandika jina lako."

"Sijasema hujui. Nasema safari hii ulikosea."

"Umeona nikikosea?"

"Si lazima nione. Nimeondoa kila kitu kingine. Kama si wewe, ni nini?"

"Si wewe ndio unajua kuuliza?" Aliweka nyundo yake ndogo kwenye begi, kisha kisu cha kuchongea, kisha ule mfuko wa unga wa jiwe. "Sasa jiulize."

Akaondoka. Nilimtazama akishuka njia ya katikati ya chai, begi begani, na nikajiambia kwamba ukweli haujali mtu amekasirika. Hilo ni kweli. Ila sikuwa na ukweli. Nilikuwa na mabaki ya hesabu tu, nikayaita ukweli.

Kalibu ya pili niliifanya peke yangu. Plasta ilikuwa imebanduka vipande vidogo, nikaziba, nikapaka turungi, nikapiga msasa, nikapaka nta. Hadna niliipima kwa sindano mpya ya ng'ombe niliyopewa na daktari, ndoo zote mbili tone kwa tone, nikakoroga nikihesabu. Nilipoibandua, mabaka yalikuwa pale pale kwenye mgongo. Ndipo daktari akaja akabonyeza kidole chake na kuuliza lile swali.

"Sijui," nilimwambia.

"Hujui kabisa?"

"Najua si mvua."

"Hiyo haitafunika injini, madam."

Alipoondoka nilichukua chaki nikazungushia kila baka ndani ya kalibu, kwa sababu mkono ulitaka kufanya kitu. Nilijua tayari kwamba nilikuwa nimemsingizia fundi. Ndoo zote mbili zilikuwa zangu safari hii. Lakini sikwenda kwake. Nilijiambia nitakwenda nikiwa na jibu, nisionekane nimekwenda mikono mitupu. Siku mbili zikapita hivyo, na maganda ya mahindi upande wa juu yakageuka rangi ya karatasi.

Siku ya tatu, asubuhi, nilisikia magunia yakiburutwa. Baba alikuwa ameanza kuvuna. Alikuwa ameniambia mapema na hakuona haja ya kurudia. Alifagia upande mmoja wa banda, akarundika mahindi ya kwanza, kisha akalishika umbo kwa upande wake na kuniashiria nishike upande wa pili.

"Hii inakaa nje."

Tulilitoa, tukaliegemeza kwenye ua wa michongoma. Mvua ya jana yake ilikuwa imeosha hewa na jua lilikuwa limetoka kali, jua la saa tatu lisilobakiza kivuli cha uongo. Sikuwa nimewahi kuliona umbo kwenye mwanga huo. Ndani ya banda lilikuwa la rangi ya kijivu tu. Nje, chini ya nta, plasta ilikuwa na madoa ya kahawia: mawili makubwa ubavuni mwa mgongo, moja refu kama kamba, na vidoa vidogo kwenye pembe za matundu ambako msasa haukuingia vizuri.

Niliyajua madoa hayo. Nilikuwa nimeyachora kwa chaki.

Nilikimbia ndani nikaburuta kalibu, nikaisimamisha kando ya umbo. Mizunguko ya chaki na madoa ya kahawia yalitazamana kama uso na kioo. Kila palipokuwa na chai, palinata. Pasipokuwa na chai, palikuwa pagumu.

"Nini sasa?" aliuliza Baba, gunia begani.

"Chai," nilisema.

"Imo kwa flaski."

Nilikuwa nimehoji mvua, baridi, plasta, hadna, na mkono wa mtu aliyeijua kazi hii kuliko mimi. Chai sikuihoji. Haikuniingia hata akilini kuipaka kwenye kile kibao cha majaribio, kwa maana kichwani mwangu chai haikuwa sehemu ya kazi. Ilikuwa ya kuonyesha mabonde tu. Na zaidi ya hapo, ilikuwa chai. Ndiyo iliyonilipia karo. Imekuwepo kila nilipofumbua macho tangu nizaliwe. Mtu wa Mombasa au wa Garissa angeishuku siku ya kwanza.

Sikutaka kurudia kosa la kuamini kabla ya kujaribu. Nilimwaga vibao viwili vya plasta, nikavikausha pamoja kando ya jiko hadi kesho yake. Kimoja nikakipaka turungi, cha pili nikakiacha. Nta ile ile, resini ya ndoo moja, saa ile ile. Kufikia adhuhuri kile kisicho na chai kililia kama kigae nilipokigonga. Chenye chai, nilipobandua resini yake, ilinibaki vidoleni.

Nikavifunga kwenye gazeti nikateremka Kapkatet.

Fundi alikuwa chini ya pikapu ya mtu; nilimwona miguu tu.

"Fundi, chamgei," nilimsalimu kwa Kikipsigis.

"Nani?"

"Ni mimi."

Spana iliendelea kuzunguka. "Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Haikuwa mkono wako. Ni chai yangu."

Spana ikasimama. Alijisukuma nje, akakaa, akavichukua vile vibao viwili. Aligonga kimoja kwa kifundo cha kidole, kisha cha pili. Akakinusa. Akakigusa kwa ncha ya kidole, kikamshika. Uso wake ulianza kufanya kazi ya kuzuia kicheko, ukashindwa.

"Yaani umenifukuza juu ya chai!"

"Hukufukuzwa. Ulibeba begi."

"Nilibeba begi juu ya chai! Nikienda nyumbani niwaambie nini? Kwamba Wakipsigis walinikosesha kazi na turungi?" Alijifuta macho kwa mkono wenye grisi na kujichora mstari mweusi mpaka sikioni. "Na kwa nini chai inafanya hivyo?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Najua inafanya. Kwa nini, sijui."

Alinitazama kwa muda, kama anavyotazama bodi kabla ya kuamua ianze kupigwa wapi. "Hiyo ndio mara ya kwanza nimesikia ukisema hivyo bila kukasirika," alisema. "Ngoja nimalizie huyu mtu wa pikapu."

Baba alikuwa amejaza nusu ya banda tuliporudi. Nilimwonyesha vibao, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, kwa kuwa maneno yangu huwa marefu. Kisha akamtazama fundi, si mimi.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee. Tupe siku chache."

"Nusu," Baba alisema. "Mahindi nusu, nyinyi nusu. Na hiyo dawa yenu isinukie mahindi yangu. Nusu yangu ikijaa, na nyinyi mnatoka."

Tulitundika turubai katikati. Upande mmoja magunia, upande mwingine sisi. Fundi alikwangua plasta yote iliyonywa chai, mpaka kwenye weupe, akajenga upya kwa filla yake ya unga wa jiwe, na juu yake tukapaka rangi ya kopo matabaka mawili ili lolote lililobaki chini lifungiwe huko. Kisha nta, mara sita, tukifuta kila mara. Kalibu tuliilaza asubuhi na mapema. Safari hii mimi nilichukua ndoo ya mgongo. Yeye alisogea kando kunipa nafasi, nami nikaelewa kwamba yameisha.

Tulipoibandua kesho yake aligonga kila sehemu, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa. Nami niliweka rula pembeni, nikagonga baada yake. Sauti ilikuwa moja kutoka ukingo hadi ukingo.

Boneti yenyewe ilichukua siku mbili zaidi. Ilipotoka kwenye kalibu, mahindi yalikuwa yameisukuma turubai hadi ikatuegemea mgongoni, na hapakuwa na njia ya kuitoa isipokuwa juu ya magunia. Niliiinua kwa mkono mmoja. Boneti ile ya chuma ilikuwa ikibebwa na watu wawili. Nilimpitishia Baba juu ya lundo la mahindi, naye, aliyekuwa amejiandaa kwa uzito, nusura airushe hewani.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

Aliipima mikononi, juu, chini. "Na haivunjiki?"

"Igonge."

Akaigonga, kwa kifundo cha kidole, kama fundi. Sijui alijifunza lini. Lazima alikuwa akitusikiliza kupitia turubai.

Daktari alikuja Jumapili baada ya kanisa, na suti. Tulipofunga bawaba na kuishusha, pengo kati ya boneti na madigadi ya magurudumu lilikuwa sawa kila upande, unene wa kijiti cha kiberiti. Daktari alilamba kidole gumba, akakifuta kwenye suruali, akakibonyeza kwenye mgongo, pale ubavuni, kwa nguvu zake zote. Akakiondoa. Tukainama wote wanne kutazama. Hapakuwa na kitu, ila ukungu mdogo wa joto la ngozi uliopotea tukiuangalia.

Nikapanda naye mlima, fundi na Baba wakibaki uani kwa kuwa gari lilikuwa na viti viwili. Alianzia mtoni, pale alipozoea kushindwa. Macho yangu yalikuwa kwenye ile sindano. Ilipanda kidogo, ikafika katikati, ikakaa. Mbele yetu, kutoka kwenye yale matundu mawili, hewa ya moto ilitoka ikipindapinda, mpaka safu za chai upande wa pili zikaonekana kama ziko ndani ya maji. Wachumaji waliokuwa wakitoka kanisani walijitenga kando ya barabara wakijiandaa kutoa ushauri. Tuliwapita.

Juu kabisa daktari alisimama kwa hiari yake mwenyewe, akazima injini.

"Sasa ile shimo yangu ya nyuma," alisema, "ingekuwa mbaya kweli?"

"Ingekuwa mbaya kweli."

"Sawa," alisema, akageuza gari.

Tulipofika nyumbani Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Alitungoja tuzime injini, tutoke, tufungue boneti na kuifunga tena mara mbili mbele ya jirani aliyekuja kutazama. Kisha akanijia.

"Mpigie mjomba wako," alisema. "Mwambie hiyo nafasi apatie mtu mwingine."

"Na mahindi?"

"Mahindi nitayajengea." Akamgeukia fundi. "Mtu wa Kisii, unajua kujenga?"

"Kama utanipatia chai, mzee."

"Ya kunywa," nilisema.

Miaka minne imepita. Banda bado ni langu. Limeongezewa mlango mpana na bati jipya, na fundi ana ufunguo wake. Tumetengeneza boneti za magari ya watu wa Kericho, Bomet, hata mmoja wa Chebunyo ambaye barabara ya kwao haimruhusu kulitoa gari mpaka kiangazi. Katika miaka hiyo nilikuwa na kanuni moja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, "Chai isikaribie umbo," na chini yake alama ya kuuliza ambayo sikuifuta, kwa sababu kanuni isiyo na sababu hunikera hata nikiwa nimeiandika mwenyewe.

Mwaka huu nilikwenda Nairobi kuchukua pipa la resini, na mwanakemia wa pale, mwanamke mwenye umri kama wangu, alinikuta nikisoma lebo kwa muda mrefu kupita kawaida. Nilimsimulia habari yote. Hakucheka. Alichukua kalamu akanichorea kwenye mgongo wa risiti, mchoro mmoja wa pembe sita kisha mwingine, na kunionyesha mahali inapofanana. Resini ikiachwa hivi hivi huweza kuganda ndani ya pipa kabla haijamfikia mnunuzi, kwa hiyo kiwanda hutia humo dawa kidogo ya kuizuia. Na dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na kile kitu ndani ya jani la chai kinachoifanya turungi iukaze ulimi. Kwa hiyo turungi yangu ilikuwa imeongeza kizuizi cha aina ile ile juu ya umbo, na resini ikakataa kuganda.